Jani liangaliwe kwanza, dawa baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniumiza kila ninapopita kwenye maduka ya pembejeo hapa Arusha, hasa miezi hii ya baridi na manyunyu. Mtu anaingia dukani mikono mitupu, anasema "nyanya zangu zinakauka majani" au "sukuma yangu imepata madoa", na anatoka na chupa mbili tatu za dawa. Jani lenyewe hakuna aliyeliona. Hakuna aliyeuliza kama ugonjwa umeanzia majani ya chini au ya juu, kama madoa yana unga au hayana, kama ni shina moja au bustani nzima. Nilimsikia kijana wa kaunta akimwambia mama mmoja: "Mama, chukua hii ya wadudu, hii ya ukungu na hii busta. Changanya zote kwenye bomba moja, hapo umemaliza kazi." Mama akalipa. Bustani yake ni viroba alivyovipanga kando ya ukuta wa nyumba, na mboga ya jioni ya wajukuu inachumwa humo humo.

Simlaumu yule kijana peke yake. Ameajiriwa kuuza, na mteja naye anataka kuondoka na kitu mkononi. Ila nimefanya kazi katika maabara ya hospitali mpaka nilipostaafu, na jambo hili nimeshaliona kwa binadamu. Kulikuwa na wakati ambapo kila homa ilikuwa malaria. Mgonjwa anasema mwili unachemka, anaandikiwa dawa, anakwenda zake. Sisi wa maabara tulikuwa na hadubini na rangi ya Giemsa ya kuonyesha vijidudu vya malaria kwenye damu, na mara nyingi hatukuletewa hata tone la damu. Vilipoingia vipimo vya haraka, na ikaagizwa kwamba mtu apimwe kabla ya kupewa dawa, ikaonekana wazi kwamba homa nyingi tulizokuwa tukizimezesha dawa ya malaria hazikuwa malaria. Bustani za nyumbani ziko pale tulipokuwa sisi wakati ule. Tofauti ni kwamba kupima jani hakuhitaji maabara. Kunahitaji macho, kidole, karatasi nyeupe, na kioo cha kukuzia kama kipo.

Nianze na nyanya, maana ndiyo inayoliza wengi. Tunasema "bakajani" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe ni miwili, na kila mmoja una tabia yake. Bakajani tangulia huanzia majani makuukuu ya chini. Doa lake ni la kahawia, na ukilitazama karibu unaona duara ndani ya duara, na umanjano kulizunguka. Ugonjwa huu unapanda polepole. Ukiondoa majani yale ya chini na kuyafukia mbali, ukaacha kumwagia maji juu ya mmea, ukatandaza nyasi kavu chini ili matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani, mara nyingi unavuna vizuri bila kufungua pochi.

Bakajani chelewa ni balaa. Inashika jani lolote, changa au kuukuu, na shina pia. Doa linaanza likiwa la kijani kizito, lenye majimaji, halina mpaka unaoeleweka, kisha linageuka kahawia. Geuza jani asubuhi na mapema kabla jua halijapanda: pembezoni mwa doa, upande wa chini, utaona utando mweupe mwembamba. Siku chache tu bustani yote imeungua. Ndio ugonjwa ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, wakafa watu wapatao milioni moja kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Unapenda hali ile ile tuliyo nayo Arusha mwezi Juni na Julai: baridi, manyunyu, na jani linalolala limelowa. Hapa dawa ya ukungu ina kazi, na dawa za mankozebu zinazouzwa madukani kwa majina mengi zinasaidia. Lakini mankozebu hufunika jani ili ugonjwa usiingie, ukishaingia, haiutoi. Anayesubiri aone bustani imeungua ndipo akimbilie dukani amechelewa, na anayepiga dawa ya wadudu kwa ugonjwa huu hajafanya kitu isipokuwa kuua nyuki.

Halafu kuna kantangaze. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, na alipoingia Tanzania mwaka 2014 alionekana kwanza huku huku kwetu kaskazini, akawafilisi wakulima wa nyanya wa Arumeru. Kiwavi wake anaingia katikati ya jani, anakula nyama ya ndani na kuacha ngozi mbili, ya juu na ya chini. Sehemu ile inakauka, na mtu akiitazama kwa mbali anasema bakajani. Chuma jani, lielekeze kwenye jua. Ukiona mwanga unapita kwenye njia pana nyeupe, ndani kuna vinyesi vyeusi na pengine kiwavi mwenyewe akitembea, basi huo si ukungu. Dawa ya ukungu utaipiga mpaka mwezi uishe, na kiwavi hatasikia lolote. Kwa shina chache za nyumbani, kuchuma majani yenye njia hizo kila asubuhi na kuyafunga kwenye mfuko uliozibwa, ukauacha juani, ni tiba ya kweli kuliko nyingi za chupa.

Kidole nacho kinapima. Paka kidole juu ya jani la boga au tango lenye weupe. Weupe ukitoka kidoleni kama unga, huo ni ubwiri unga. Jani la maharage lenye vipele vidogo likikuachia vumbi la rangi ya kutu, hiyo ni kutu. Majani ya ndimu, mpera au mwembe yakiwa meusi, na weusi ule ukifutika na chini yake jani likabaki kijani na zima, basi mti wako hauumwi ukungu. Ukungu ule mweusi unaota juu ya utomvu mtamu ambao wadudu wanaudondosha: vidukari, nzi weupe, au vidudu magamba waliogandia matawini. Wafuate sisimizi wanaopanda shinani, watakupeleka mpaka kwa wadudu wenyewe. Maji yenye sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, yakipulizwa jioni chini ya majani ambako wadudu wanakaa, yanatosha kwa miti ya uani. Wadudu wakiisha, weusi unakosa chakula na kubanduka wenyewe.

Mboga ya mnafu inastahili neno lake, kwa sababu hakuna nyumba ya Mmeru wala Mchaga isiyoijua. Wakati wa kiangazi majani yake yanapoteza rangi, yanakuwa na vidoa vidogo sana vyeupe, kisha yanakuwa ya shaba na kukauka. Wengi wanadhani ni ukosefu wa mbolea. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, lipige kwa mkono mara mbili tatu, halafu tulia uitazame karatasi. Vidoa vyekundu vikianza kutembea, ni utitiri. Mara nyingi kuna na utando mwembamba chini ya jani. Utitiri si mdudu wa kawaida, ni jamii ya buibui, na dawa nyingi za wadudu tulizozoea hazimwui. Zinaua wale wanaomla, naye anabaki kuzaliana kwa raha. Ndiyo maana mtu anapiga dawa, na wiki mbili baadaye hali imekuwa mbaya zaidi. Maji ya nguvu chini ya majani, kuondoa matawi yaliyoshambuliwa sana, na salfa pale inapobidi, ndiyo njia. Salfa isipigwe jua likiwa kali, itaunguza majani.

Vipo vipimo viwili vya nyumbani ninavyovipenda kuliko vyote, na ningefurahi kila mwalimu wa shule ya msingi awaonyeshe watoto. Cha kwanza ni cha mmea ulionyauka ghafla majani yakiwa bado kijani: nyanya, bilinganya au hoho. Kata shina karibu na udongo, chukua kipande chenye urefu wa kidole, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, sehemu iliyokatwa ikiwa chini. Subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe za maziwa zinashuka taratibu kutoka kwenye shina, hao ni bakteria, na ugonjwa ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa dukani. Anayekuuzia anakuibia. Ng'oa mmea na udongo wa mizizini, uchome, na mahali pale usirudishie nyanya, viazi mviringo, hoho wala bilinganya. Hata mnafu, maana nao ni ukoo mmoja na hao. Panda mahindi, vitunguu au kabichi.

Cha pili ni cha doa ambalo hulielewi. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, weka ndani karatasi laini iliyolowa, laza jani juu yake, funika, weka kivulini. Kesho yake au keshokutwa fungua utazame kwa kioo. Kama ni ukungu, kwenye doa patakuwa pameota manyoya, meupe, ya kijivu au meusi. Usiliache jani humo wiki nzima, kwa kuwa ukungu wa kuozesha unaota juu ya kitu chochote kilichokufa na utakudanganya.

Sasa nije kwa yale majani yanayougua bila ugonjwa. Asili yangu ni Marangu, na kama Mchaga nimepanda masale, mimea ya majani marefu, nyumbani kwangu Moshono. Isale kwetu si pambo. Ndilo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ndilo jani analopelekewa mtu uliyemkosea ili akusamehe, na mwenye akili halikatai. Masale yangu ya kwenye vyungu yalianza kukauka ncha: kahawia kwenye ncha, mstari wa manjano, halafu kijani. Kila aliyepita akanitajia dawa ya ukungu. Lakini hapakuwa na doa, hapakuwa na unga, kopo halikuotesha kitu, na majani yote yalikuwa yameungua kwa namna moja, nchani. Ukungu haupangi hivyo. Nikatazama maji. Nilikuwa nikimwagilia maji ya kisima, na maji ya ardhini ya miteremko ya Meru yanajulikana kwa kuwa na madini mengi ya floraidi. Ndiyo hiyo inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Masale ni katika mimea inayoumizwa sana na floraidi: inapanda na maji, na maji yakikauka nchani yenyewe inabaki pale, inajilimbikiza mpaka jani linaungua. Nikahamia maji ya mvua, ninayoyakinga kwenye pipa. Majani mapya yamekuja safi. Yale ya zamani yamebaki na ncha zao zilizoungua, kwa sababu jani lililoungua haliponi.

Hilo naomba lisisitizwe. Watu wengi wanapiga dawa, wanarudi kesho kutazama doa lile lile, wanaliona lipo, wanapiga tena. Doa halitaondoka. Pona ya mmea inatazamwa kwenye majani yanayochipuka baada ya tiba. Funga uzi kwenye tawi kuonyesha pale majani yalipokuwa yamefika siku ulipotibu, upige picha kwa simu, kisha usubiri uone yatakayozaliwa juu ya uzi.

Njaa ya udongo nayo inasomeka hivyo hivyo. Umanjano ukianzia majani ya chini na kuenea jani lote, mara nyingi mmea unadai naitrojeni, na samadi iliyooza vizuri itajibu. Ukianzia majani machanga ya juu, mishipa ikabaki kijani na katikati manjano, mmea unadai madini ya chuma. Majani ya nyanya yakijikunja juu, madogo, manjano pembezoni, na mmea ukadumaa huku nzi weupe wakiruka ukiugusa, hicho ni kirusi, na kirusi hakina dawa; ng'oa mapema uokoe jirani zake. Wazee wenzangu wanaonusa ugoro nawasihi kwa heshima wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Kuna kirusi cha tumbaku kinachoishi kwa miaka ndani ya tumbaku iliyokaushwa, na kinahama kwa vidole mpaka kwenye nyanya.

Sisemi dawa ni mbaya. Mchanganyiko wa mrututu, ambao ni chumvi ya kopa, na chokaa umesaidia dunia tangu Wafaransa walipougundua kwenye mizabibu ya Bordeaux miaka ya 1880, na wazee wetu wa Kilimanjaro wamepiga kopa kwenye kahawa miaka mingi kuzuia kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Lakini kopa haiozi. Inabaki udongoni, msimu juu ya msimu. Kwa hiyo walipofanikiwa wenzetu wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Lyamungu kutoa miche ya kahawa inayovumilia magonjwa hayo mawili, walituondolea mzigo ambao hakuna bomba lingeweza kuuondoa. Kwa ubwiri unga, hata maziwa yanafaa: mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha matokeo kwamba maziwa sehemu moja kwa maji sehemu tisa, yakipulizwa kwenye jamii ya maboga, yaliuzuia ugonjwa huo. Ni kwa ubwiri unga tu, lakini. Asije mtu akayapiga kwenye bakajani chelewa akapoteza nyanya na maziwa.

Ninachokikataa ni dawa isiyo na jina. Bado zinauzwa dawa zilizopimwa kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo, kwa mama anayehitaji kidogo tu. Lebo ndiyo inayokuambia kipimo, na rangi ya mstari wa chini inakuambia ukali: nyekundu ni kali kupita zote, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Lebo ndiyo inayokuambia usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Sukuma inachumwa kila baada ya siku chache, mchicha vile vile. Atajuaje mtu kwamba jani alilolipiga jana bado halijafaa kuliwa, kama chupa yake imeandikwa tu maji safi?

Na huku sisi si watu wa kukosa msaada. Upande mmoja wa jiji, Ngaramtoni, ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Upande wa pili, Tengeru, kuna watafiti wa mboga wa taifa na kituo cha kimataifa cha mboga kilichopo tangu miaka ya 1990. Elimu yote hii imetuzunguka, na mama wa viroba anapata ushauri wake kwa kijana wa kaunta.

Ombi langu kwa halmashauri za Jiji la Arusha na Meru ni dogo. Siku ya soko, Jumamosi pale Tengeru, na siku nyingine soko la Kilombero hapa jijini, iwekwe meza moja, viti viwili, kioo cha kukuzia na bwana shamba au bibi shamba wa kata. Kliniki za mimea za namna hiyo zimeshafanyika Kenya, Uganda na hata hapa nchini. Si jambo la kubuni upya. Mtu anayekwenda sokoni kuuza ndizi apite na jani lake, aambiwe ni nini, aandikiwe kwenye karatasi, ndipo aende dukani. Na wenye maduka wajiwekee desturi moja tu: mteja asiye na jani aambiwe kwa upole akalilete. Kwako, Mhariri, ningeomba picha moja ya jani linaloumwa kila Jumamosi, kubwa, ya rangi, na chini yake maelezo mafupi.

Watakaokuja kwenye meza hiyo walete majani matatu ya mmea mmoja: lililo zima, linaloanza kuugua, na lililougua sana. Yawe kwenye bahasha ya karatasi au gazeti la zamani, si mfuko wa plastiki, yataoza njiani. Wawe na picha ya mmea mzima kwenye simu, na waseme wanamwagilia maji gani na walipiga dawa gani mwisho. Kioo changu cha kukuzia ninacho, na siku meza ikiwekwa nitakuja kukaa hapo bila malipo.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Moshono, Arusha